Ulimi Hupima Chumvi Tu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wakazi wa Mji wa Kale wa Lamu, uwanja wa Mkunguni, baada ya sala ya Alasiri.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule ukutani kwa Ngome, karibuni. Waliokaa nyuma wakishindwa kunisikia wanipungie mkono. Nimepewa muda mpaka Magharibi, lakini nakusudia kumaliza mapema, maana najua kuna walioacha mikate kwenye tanuri.

Hapa mezani pana chupa mbili ndogo za kupimia maji. Moja imekuwa nyeusi kama wino wa pweza. Nyingine ina rangi ile ile hafifu iliyokuwa nayo nilipoijaza. Maji yote mawili yametoka nyumba moja hapa mjini, siku moja, saa moja. Mwenye nyumba ameniruhusu niyaseme haya, ila jina lake tuliache. Chupa iliyobaki safi niliijaza mferejini, pale uani. Iliyogeuka nyeusi niliijaza kutoka kwenye mtungi wa jikoni, na mtungi ule ulijazwa kwa mfereji ule ule siku iliyotangulia. Mama wa nyumba aliyaonja yote mawili mbele yangu, akasema: haya ni maji ya Shela hasa, matamu.

Hakukosea. Yalikuwa matamu yote mawili.

Sisi watu wa kisiwani tumelelewa na ulimi. Mtoto wa Lamu akipewa kikombe cha maji anajua kabla hajameza kama ni ya kisima cha mjini, ya mvua au ya Shela. Miaka na miaka tumetafuta maji yasiyo na chumvi, na tukiyapata tunashukuru, tunakunywa. Ndipo tunaponaswa. Ulimi unajua chumvi, unajua magadi, unajua harufu ya kutu. Vijidudu vya kipindupindu haviujui ulimi wako. Vya homa ya matumbo kadhalika. Glasi ya maji matamu, meupe, baridi, inaweza kubeba vijidudu kwa maelfu na usione hata wingu. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Na kwa vijidudu, tone moja ni bahari kubwa zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo nimekuja kuwaomba jambo moja: maji yapimwe, na yapimwe pale yanaponywewa. Msiridhike na kipimo cha kisimani wala cha kwenye tangi kuu. Kipimo ninachokitaka mimi ni cha glasi anayopewa mtoto.

Ila kwanza niseme yanakotoka, kwa sababu mtu hawezi kulinda asichokijua.

Maji yetu makuu yako chini ya machuwi, yaani vilima vya mchanga, ya Shela. Mvua inanyesha, mchanga unainywa, inashuka chini. Huko chini inakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote za kisiwa. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, basi yanakaa juu yake yakielea, hayachanganyiki upesi. Wataalamu wa maji ya ardhini wana kanuni ya zamani: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, pana kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Mnasikia raha? Msifurahi bado, maana kanuni hiyo inakata pande mbili. Ukivuta sana hata kina cha juu kikashuka kwa mita moja, chumvi nayo huanza kupanda kutoka chini, na haipandi mita moja. Inaelekea kupanda mara 40 ya hiyo. Ndiyo sababu kisima kinachovutwa kwa pampu kubwa usiku kucha wakati wa kaskazi huanza kuleta maji ya chumvi, na ukikiacha leo hakirudi kuwa kitamu kesho. Na ndiyo sababu wazee wetu hupandisha sauti wanaposikia mtu anataka kujenga juu ya machuwi au kuchota mchanga wake. Mchanga ule ndio chujio letu na ndio tangi letu, na shimo la choo juu yake ni shimo la choo juu ya tangi. Hilo silo nililoitiwa leo, lakini siwezi kusimama Mkunguni nikalinyamazia.

Halafu kuna visima vya mjini: vya nyumbani, vya misikitini, vingine vina umri kuliko nyumba zilizovizunguka. Hivi navisema bila kuzunguka. Mji wetu umebanana. Nyumba imeegemea nyumba, choo cha huyu kinapakana na kisima cha yule, na ardhi ni ya mchanga na mawe ya matumbawe yanayopitisha maji. Kisima cha ndani ya mji, hata kiwe kirefu, hata maji yake yawe matamu, kichukulieni kuwa kina uchafu wa vyoo mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Fulieni, ogeeni, osheeni sakafu. Masika yakiingia mambo huzidi, maana maji ya ardhini hupanda yakakutana na mashimo ya vyoo. Kila mwenye zahanati anajua ni miezi gani watoto wa kuhara hujaa.

Na mfereji je? Maji yakitoka kwenye tangi kuu yametiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, lakini bado yana safari. Mabomba yetu mengi yanapita kandokando ya mitaro, na mengine yanapita ndani ya mtaro wenyewe. Tembeeni vichochoroni mkayatazame. Bomba likiwa limejaa na lina nguvu, likiwa na ufa hutoa maji nje. Mgao ukifika, maji yakakatika, nguvu ile inaondoka, na ufa ule ule sasa unavuta ndani kilichoko nje. Kilichoko nje mnakijua. Kwa hiyo maji yakirudi baada ya kukatika, ya dakika mbili tatu za mwanzo yasiingie mtungi wa kunywa. Yakingeni kwa ndoo, yatumieni chooni. Hakuna haja ya kuyamwaga.

Sasa nakuja jikoni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chupa nyeusi ilitoka hapa.

Katika nyumba ile nilitazama maji yanavyochotwa. Mtungi ulikuwa safi kwa nje, umefunikwa kwa sahani, juu ya sahani pana kata ya kifuu imelazwa. Kila kitu mahali pake. Mtoto wa miaka kama minne akaja mbio kutoka nje, akaondoa sahani akaiweka sakafuni, akatumbukiza kata na mkono wake ukaingia majini mpaka kwenye kiganja, akanywa nusu, nusu akairudisha mtungini. Akarudisha sahani vizuri kabisa, upande uliolala sakafuni ukitazama chini. Mtoto mwenye adabu, amefunzwa kufunika. Hakuna wa kulaumiwa pale. Kata ndivyo inavyotumika.

Mama zangu, kata ikae ukutani kama pambo, au itumike kuogea. Maji ya kunywa yawe kwenye chombo ambacho mkono hauingii: mtungi wa plastiki wenye mdomo mwembamba, unainamishwa na kumiminwa, au ndoo yenye kifuniko na mfereji mdogo chini. Ndoo za namna hiyo zinauzwa, na fundi wa mabomba anaweza kukutobolea ndoo uliyonayo akakutilia mfereji. Mwenye mtungi wa udongo asinung'unike. Mtungi unapoza maji vizuri bila friji, na mimi mwenyewe nayapenda maji yake. Lakini tumbukiza chombo chenye mpini mrefu ambacho hakifanyi kazi nyingine, kitundikwe, kisilazwe popote. Na wale wanaofukiza mtungi kwa ubani, fukizeni, harufu yake ni raha tupu. Ila ubani hauui vijidudu. Maji yatakuwa yananukia na yana maradhi.

Nikiwa bado nyumbani, niseme kuhusu birika. Nyumba zetu za kale zina birika la maji chooni, na ndani yake visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Mababu walikuwa wajanja. Hiyo ni dawa ya mbu bila senti. Lakini maji hayo ni ya kuogea na kutawadha. Hayo si ya kunywa, wala ya kusukutulia meno, maana samaki naye ana choo chake. Na tafadhalini msilitie birika klorini, mtawaua visamaki halafu mje kuniuliza mbu wametoka wapi.

Mtungi wa plastiki nao huoshwa. Tia kidole ndani ya mdomo wake, ukikuta utelezi, jua humo kuna kitu kinaishi. Osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza, kisha jaza maji yenye dawa yakae nusu saa, yamwage. Desturi ya kutia mchanga na kutikisa huondoa utelezi leo, lakini inaacha mikwaruzo ndani ya plastiki, na kwenye mikwaruzo hiyo utelezi hurudi upesi. Mtungi uliobeba mafuta ya boti au dawa ya shamba hauoshwi ukawa wa maji. Huo umekwisha.

Nirudi kwenye vipimo. Hizi chupa mbili ni kipimo rahisi. Ndani yake kuna dawa inayolisha vijidudu vya jamii ya vile vinavyokaa matumboni; vikiwepo hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, gesi ikikutana na chuma kilichomo ndani ya dawa, maji huwa meusi. Unajaza, unaweka mahali penye joto la kawaida, unangoja siku moja mpaka mbili. Kilibuniwa India, kikatangazwa mwaka 1982, hasa kwa ajili ya vijiji visivyo na maabara. Hakikuambii ni vijidudu vingapi wala ni vya aina gani. Na kwa sisi wa visiwani kina kasoro moja: kisima ambacho maji yake yananuka yai bovu kwa asili yake kinaweza kuigeuza chupa nyeusi hata kama choo kiko mbali. Basi chupa nyeusi inakwambia usinywe kabla hujachunguza. Na chupa iliyobaki safi si hati ya kusafiria; pima tena baada ya masika.

Kipimo cha maabara ndicho cha kuaminika. Hapo hutafutwa kijidudu kiitwacho E. coli, ambaye makazi yake ni utumbo wa watu na wanyama, punda wetu wakiwemo. Akionekana majini, basi kinyesi kimefika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani hakina mjadala: katika mililita 100 za maji ya kunywa, E. coli asionekane hata mmoja. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti ndio wa kuwaendea, na mwenye nia ya kulipa maabara ya Mombasa anaweza pia, ila asafirishe vizuri, kwa sababu sampuli mbaya ni hasara ya pesa.

Sampuli huchukuliwa hivi. Chupa ni ya maabara, imeshauliwa vijidudu na ndani ina unga kidogo wa kuizima klorini. Usiisuuze! Watu wengi husuuza, unga ukaenda, kipimo kikaharibika. Kwenye mfereji ondoa kitambaa au mpira uliofungwa mdomoni, pangusa mdomo wa mfereji kwa dawa, acha maji yatiririke dakika moja au mbili, kisha fungua chupa, kifuniko ukishike kikitazama chini bila kugusa ndani, jaza, acha nafasi ndogo ya hewa juu, funga. Lakini ukitaka kujua maji ya mtungini, chota kwa namna ile ile mnavyochota kila siku, na kwa chombo kile kile. Usilete kikombe kipya cha sherehe. Andika saa na mahali. Tia ndani ya sanduku lenye barafu. Inapendeza ifike maabara ndani ya saa sita, na isipite saa 24. Mtakaoivusha kwenda Mokowe, upande wa bara, na kuipandisha basi, fanyeni hesabu ya safari kabla ya kuchota.

Kuna kipimo kingine ambacho ningependa kila mtaa uwe nacho, cha klorini. Kidonge kidogo ndani ya maji, maji yakawa ya waridi; rangi ikikolea, klorini ni nyingi zaidi. Unalinganisha na kadi. Kwenye mfereji tunataka tuone angalau miligramu 0.2 kwa lita. Rangi isipotokea kabisa, maana yake dawa imekwisha njiani na maji hayo hayana mlinzi. Kipimo hiki ni cha dakika chache, hata mtoto wa shule anaweza kukifanya, nacho kinakwambia leo hii, hungoji kesho kutwa.

Kwa wenye visima, ongezeni kipimo cha nitrati. Nitrati nyingi kwenye kisima cha katikati ya mji ni alama ya kinyesi cha zamani kilichoshuka ardhini. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, maji yale asichanganyiwe maziwa ya unga mtoto mchanga, maana huizuia damu yake kubeba hewa. Kuchemsha hakusaidii hapo. Maji yanapungua, nitrati inabaki ile ile. Chumvi nayo ni vivyo hivyo. Mwenye shinikizo la damu asizoee maji ya chumvi kwa kuwa ameyachemsha.

Sasa niseme kuhusu kijana anayeuza filta, yaani machujio ya maji.

Mmeshamuona. Anapita nyumba kwa nyumba, shati safi, begi mgongoni. Anatoa kikalamu chenye namba, anakitumbukiza kwenye maji yako, namba inaruka: mia nane, mia tisa. Anakitumbukiza kwenye chupa yake, namba inasema ishirini. "Umeona, mama?" Kikalamu kile si bandia. Kinapima vitu vilivyoyeyuka majini, hasa chumvichumvi. Maji yakiwa chini ya 600 ladha huwa nzuri, yakipita 1000 watu wengi huyakataa. Basi ni hayo tu. Vijidudu kikalamu hakivioni kamwe. Maji ya mvua yaliyoangukiwa na kunguru aliyekufa yatakupa namba nzuri sana.

Kisha anatoa cha pili, kile chenye vyuma vinne na waya wa umeme. Anakitia kwenye glasi yako na glasi yake. Yako inachemka povu la kahawia, la kutisha, linapanda juu. Yake imetulia. Watu wanapiga yowe. Jamani, kahawia ile haikutoka kwenye maji yenu. Ni kutu ya vyuma vyake mwenyewe! Maji yenye chumvi hupitisha umeme, umeme unakila chuma, chuma kinakuwa kutu. Maji yake hayana chumvi, umeme haupiti, chuma hakiliki. Akirudi, mwambie atie chembe chache za chumvi ya jikoni ndani ya glasi yake kisha aanze upya. Kwa maji ya Lamu mchezo ule unanoga kuliko mahali pengine popote, ndiyo maana wanaupenda mji wetu.

Sisemi mashine za kuondoa chumvi ni mbaya. Zipo hapa, zimesaidia, na anayeziendesha vizuri anastahili pesa yake. Nasema maji yaliyotoka mashineni yakiwa safi kisha yakatiwa kwenye mtungi wenye utelezi, umenunua maji safi ukayachafua nyumbani. Maji ya namna hiyo huwa hayana klorini, basi hayana wa kuyalinda njiani. Anayeyauza mwambie akuoneshe cheti cha kipimo, chenye tarehe. Akiona haya, nunua kwingine.

Na dawa? Hapa nitakwenda haraka, mengi mnayajua. WaterGuard ya maji: kifuniko kimoja kwa lita 20 za maji maangavu, viwili kama yana ukungu, ungoje dakika 30 ndipo unywe. Ukungu mwingi uchuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Chupa yake iwekwe mbali na jua, dawa ya zamani hupoteza nguvu. Vidonge vina ukubwa tofauti, kile cha miligramu 67 ni cha lita 20, kwa hiyo soma karatasi kabla hujakata kidonge katikati. Harufu ya klorini hupungua maji yakikaa, usiyamwage kwa sababu ya harufu. Kuchemsha: yakitibuka mapovu makubwa dakika moja inatosha, kuongeza ni kuchoma makaa bure; kisha yapoe ndani ya chombo hicho hicho, yakiwa yamefunikwa. Na asiye na makaa wala dawa ana jua: chupa angavu za plastiki zilizojaa maji, zilazwe darini kwenye jua kali kwa muda wa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Kabla ya hapo simamisha chupa juu ya gazeti, tazama kutoka mdomoni kwenda chini. Usipoweza kusoma kichwa cha habari, maji yana ukungu mno, jua halitapenya.

Maji ya mvua tusiyadharau. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, piga hesabu ya paa lako. Ndugu zetu wa Pate na Faza wameishi kwa majabia, yaani matangi ya kuhifadhia maji ya mvua, vizazi na vizazi. Ila mvua ya kwanza huosha paa: mavi ya kunguru, vumbi, majani. Ipite. Geuza mfereji wa paa umwage nje mpaka maji yawe meupe, ndipo uelekeze jabiani. Na jabia lifunikwe.

Nitawasimulia kisa kimoja cha mbali. Mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani, Aprili 2014 ulibadilishiwa maji ili kupunguza gharama, ukaacha maji ya Detroit, ukaanza kunywa ya Mto Flint. Dawa ya kuzuia maji yasile mabomba haikutiwa. Mabomba ya zamani yakaanza kuliwa, na madini ya risasi yaliyomo yakaingia majini. Risasi haina ladha, haina rangi, haitoki kwa kuchemsha, na kwa mtoto huharibu ubongo unaokua. Wananchi walilalamika, wakubwa wakawajibu kuwa maji ni salama. Mama mmoja wa pale, LeeAnne Walters, akawatafuta watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech. Mwaka 2015 watafiti wakapeleka vifurushi 300 vya chupa, wananchi wakagawana wenyewe kwa wenyewe, wakafundishana kuchota, na zaidi ya 250 zikarudi zimejaa. Oktoba ya mwaka ule mji ukarudishiwa maji ya Detroit. Kabla ya hapo walikuwa na malalamiko. Baada ya hapo walikuwa na namba, nyumba kwa nyumba.

Mabomba yetu mengi ni ya plastiki, kwa hiyo risasi si hofu yangu ya kwanza hapa. Mwenye mifereji ya shaba ya zamani ayaache maji ya asubuhi yatiririke kidogo kabla ya kunywa, basi. Ninachokitaka kutoka Flint ni ile hesabu ya nyumba kwa nyumba. Nyumba moja ikipata chupa nyeusi, tutasema ni uchafu wao. Nyumba kumi za kichochoro kimoja zikipata chupa nyeusi kutoka mferejini, hapo kuna bomba lenye ufa, na tunajua pa kuchimba.

Na tuna haki ya kuuliza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma ukaomba matokeo ya vipimo vya maji, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Wana siku 21 za kulijibu. Barua iwe fupi, ya heshima: tunaomba matokeo ya vipimo vya maji ya mtaa wetu ya miezi kadhaa iliyopita, ya vijidudu na ya klorini. Msiandike matusi. Mtu wa maji naye ni jirani yetu, anaswali nasi, na mara nyingi naye anazitaka namba hizo ili aombe pesa za mabomba mapya.

Nimeletewa kikaratasi hapa, naona nisipokijibu sitaachwa nishuke. Bibi mmoja anauliza: "Mwanangu, nimeyanywa maji ya kisima hiki miaka sabini, mbona sikufa?" Bibi, Mungu akuzidishie umri. Nitakujibu kwa adabu. Tumbo la mtu mzima aliyezoea hustahimili mengi. Walioshindwa kustahimili walikuwa wadogo, na wengi wao hawakufika umri wa kuja hapa kuniandikia. Wewe kunywa utakavyo. Mjukuu wako mtilie dawa.

Kikaratasi cha pili: mtoto akianza kuhara, tufanye nini kabla ya kufika hospitali? Maji ya chumvi na sukari upesi: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogokidogo, hata akitapika endelea. Anayenyonya aendelee kunyonya. Choo kikiwa kama maji ya mchele, usingoje asubuhi, hata kama ni usiku wa manane tafuta boti. Kipindupindu humaliza mtu kwa saa chache.

Sasa ya kazi. Mtaa wa Mkomani na wa Langoni tutaanza pamoja. Kila kichochoro kitoe mtu mmoja wa kuandika, awe anajua kusoma saa na ana mwandiko unaosomeka, wasichana wa sekondari ndio bora. Kila nyumba itapewa chupa mbili, moja ya mfereji na moja ya maji yanayonywewa. Msizioshe. Msizifungue kabla hamjafika mfereji. Zote zijazwe Jumanne kati ya sala ya Alfajiri na saa mbili asubuhi, ili tulinganishe maji ya wakati mmoja. Wenye visima waje waniambie pembeni, tuna vijikaratasi vichache vya kupimia nitrati na havitoshi kila mtu. Nitaanza na nyumba zenye watoto wachanga. Matokeo yataandikwa kwa namba za nyumba, si kwa majina ya watu, na yatabandikwa ukutani hapa Mkunguni. Mwenye ndoo asiyoihitaji ailete kwa fundi aliyekaa pale chini ya mti. Leo anatoboa na kutia mfereji, gharama mtapatana naye.

Wassalamu alaykum.